Timu ya Ukoo Imeazimwa

Ulemo, Iramba
9 Juni 2024

Mdogo wangu Stanley,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi lako. Sisi huku tunapumua, na anayepumua hana haki ya kulalamika sana. Mama anakusalimu. Amekaa hapa kando yangu kwenye mkeka, anachambua choroko kwa vidole maana macho yamezidi kuingia ukungu, na kila nikimaliza mstari anataka nimsomee. Kwa hiyo jua kabisa kwamba barua zako nazo zitasomwa kwa sauti, neno kwa neno. Mambo ya simu ameyakataa. Anasema simu ukishaikata maneno yameondoka, na kesho nani atamrudishia? Barua anaiweka chini ya godoro na kuidai siku anayoitaka.

Alizeti tumevuna, siyo ya kujisifia. Ng'ombe mwenye pembe moja anakaribia kuzaa. Yule jogoo aliyekukimbiza siku ya msiba bado yupo, na hasira zake bado zipo.

Sasa kilichonikalisha chini. Mwenye nyumba kule Utemini ameomba chumba chake. Simlaumu, amevumilia tangu tulipomzika Paskali Agosti ya mwaka jana. Nilikwenda mwenyewe Singida mjini, nikafungua chumba cha gemu cha kaka yetu, nikakaa kwanza kwenye benchi nikalia, halafu nikafunga mizigo. Kila kitu kiko hapa Ulemo: televisheni, mabenchi, padi ambazo vitufe vyake vimelika kwa vidole vya watoto wa watu, na maboksi ya CD. Ile mashine kuukuu isiyosoma mpaka uipindue kichwa chini nimeipakata njia nzima.

Baba mdogo Melkizedeki ameitisha kikao cha ukoo baada ya Krismasi, tumalize msiba na kugawa vitu vya marehemu. Watu wote wamekubali isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye mama. Anasema havigawiwi mpaka CD ya timu irudi.

Unaijua CD hiyo, lakini mama ananiambia niandike kana kwamba umesahau, maana anasema huko Mafinga watu husahau. Ni lile gemu la mpira ambalo Paskali alifuta majina ya wachezaji wa Ulaya akaweka ukoo wetu. Babu Yohana golini. Marehemu baba beki wa kati. Mimi namba sita. Mama mwenyewe namba tisa. Halafu alikuwa anazima sauti ya wale watangazaji wa kizungu na kutangaza mpira yeye, kwa sauti ile yake, mpaka wapita njia wakasimama dirishani. Majina yamo kwenye memori, kile kijikadi cha kutunzia gemu, na memori aliifunga kwa mpira wa manati kwenye kasha la CD ili visiachane. Nimepekua maboksi yote. Haimo. Kwa vyovyote ameiazimisha, maana alikuwa halijui neno hapana.

Bila CD hiyo, mama hatakubali kikao, na bila kikao msiba huu hauishi. Naomba uje tusaidiane kuitafuta. Krismasi iliyopita hukuja, Pasaka hukuja. Nijibu hilo kabla ya mengine.

Dada yako,
Yunisi


Mafinga
30 Juni 2024

Dada Yunisi, shikamoo. Mama, shikamoo. (Dada, hapo simama kidogo aitikie.)

Mimi ni mzima. Barua yako ilichelewa kwa sababu kondakta aliichomeka kwenye kiroba cha vitunguu cha mtu, nikaipata ofisi ya mizigo ikiwa inanuka Singida nzima. Niliinusa kabla ya kuisoma, sitakudanganya. Huku asubuhi kuna umande mweupe juu ya mbao, vidole vinakufa ganzi mpaka msumeno uwake. Kazi inaendelea.

Nimesoma habari ya chumba cha Utemini. Nimeisoma polepole.

Dada, kuhusu CD naomba tusihangaike. Gemu lile lile la zamani sasa liko kwenye duka la mtandaoni. Nina mashine mpya hapa chumbani, ndogo, haina hata mahali pa kuingizia CD. Unachagua gemu, unalipakua, unakunywa chai, ukirudi limeshaingia. Halichubuki, halili vumbi la Utemini, panya hawaliguguni, na hakuna mtu wa kukuazima akasahau kurudisha. Unakumbuka tulivyokuwa tunasugua CD kwa dawa ya meno ili zisome? Unakumbuka Paskali alivyokuwa anaipulizia mashine kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi? Hayo yote yamekwisha.

Nitalipakua, nitaandika upya majina ya ukoo, mama atapata timu yake ile ile, tena picha ikiwa safi zaidi. CD zilizobaki mgawieni anayetaka, au ziuzwe. Zama zake zimepita, na Paskali mwenyewe angekuwepo angeshahamia huku, maana alipenda vitu vipya kuliko sisi sote.

Nisaidieni tu kukumbuka. Babu Yohana alivaa namba moja, hilo najua. Baba mdogo Melkizedeki alicheza upande gani? Na mama, yule mchezaji wake alikuwa na nywele za rangi gani?

Wasalimie wote. Jogoo msimchinje, nina deni naye.

Mdogo wako,
Stanley


Ulemo
28 Julai 2024

Stanley mdogo wangu,

Marahaba. Mama ameitikia mara mbili, moja yako na moja ya kukukumbusha kwamba anasubiri.

Tuko salama. Ng'ombe amezaa dume. Upepo wa mwezi huu umeng'oa bati la jiko, Noel mwanangu amelirudisha akaweka mawe juu. Nimeanza kushona sare za kwaya, kitambaa chenyewe kinateleza kama samaki kambale.

Nimemsomea mama barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Hiyo ya kwake ya kupakua, jirani akija kuiomba, atampa?" Nikamwambia sijui, nitakuuliza. Basi nimekuuliza.

Halafu akanisimulia jambo la wakati mimi nilikuwa mdogo, na wewe hukuwa umezaliwa. Babu Yohana alipokufa alikuwa na ng'ombe zizini na wengine kwa watu, maana mtu mwenye ng'ombe hakai nao wote. Anampa huyu mmoja amfugie, na yule mmoja. Maziwa anakunywa mfugaji, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na njia kati ya nyumba mbili haioti nyasi. Wazee walikaa kugawa, wakakuta ng'ombe mmoja yuko Ndago. Wakakataa kugawa mpaka arudi, siyo kwa uchoyo, ila ukigawa mapema unakuwa umeifuta ile njia. Wakangoja mpaka msimu mwingine. Ng'ombe akarudi na ndama.

Mama anasema CD za Paskali ndizo zilikuwa ng'ombe zake. Nilitaka kucheka, lakini hebu sikiliza. Tangu msiba wameshakuja watu hapa ambao mimi siwajui kwa sura. Mmoja alitoka Shelui na CD ya pikipiki na kuku wawili. Mwingine, dada mmoja mwalimu anaitwa Flora, alileta CD ya mieleka aliyoazima akiwa bado mwanafunzi, akakaa na mama tangu asubuhi mpaka jua linazama wakicheka habari za Paskali. Kila anayerudisha CD anaacha hadithi moja. Mama anazingoja kuliko dawa ya macho. Ukiniuliza mimi, hizo CD zikiuzwa, ni nani atakuja tena nyumba hii?

Haya, majibu yako. Baba mdogo alicheza beki wa kulia, mzito, akipanda hashuki. Baba beki wa kati, namba nne. Mimi namba sita, mkabaji, Paskali alisema kwa sababu nagombana na kila apitaye. Mama alikuwa lile jitu refu lenye nywele nyekundu, kwa kuwa gemu halikuwa na wanawake, na akifunga goli Paskali alikuwa anapiga kelele, "Anastazia! Anastazia ameacha ugali jikoni amekuja kufunga!"

Wewe hukuniuliza ulicheza namba ngapi. Unakumbuka?

Na lile swali langu la kwanza umeliruka kama mbuzi anavyoruka mtaro.

Yunisi


Mafinga
25 Agosti 2024

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo sana.

Hali yangu nzuri. Tulipata ajali ndogo kiwandani, siyo mimi, ni gogo lilibiringika likavunja uzio. Mvua bado.

Timu imekamilika! Nimeifanyia kazi jioni zangu zote. Babu Yohana nimempa kasi ndogo na mikono mirefu, maana mlizoea kusema mbuzi hakuwahi kumpita getini. Baba nimempa kimo chake kamili. Nywele za mama nimetafuta nyekundu ile ile, ziko nyekundu za aina nyingi siku hizi, nimehangaika. Jezi nimeweka njano kama maua ya alizeti, sijui kama ndivyo ilivyokuwa, ila imependeza.

Nimerekodi mechi moja nikaituma kwenye simu ya Noel. Mwonyesheni mama, mwambieni hiyo ndiyo timu yake, imerudi. Kwa hiyo kikao kinaweza kuendelea, na tusimsumbue mtu yeyote kutafuta CD.

Kuhusu ng'ombe wa Ndago, ni hadithi nzuri. Lakini dada, ng'ombe huwa anakufa pia akiwa kwa watu. Mnalisahau hilo.

Jumapili iliyopita ilikuwa mwaka tangu tumzike. Nilikwenda kanisani, nikakaa nyuma. Sikujua niandike nini, kwa hiyo naandika hivyo tu.

Stanley


Ulemo
22 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Hapa joto limeanza, mashamba meupe, ng'ombe wanashuka mbali kutafuta maji. Mama anakula vizuri. Jicho la kulia limefunga kabisa, la kushoto linaona mwanga na mtu akisimama karibu. Nakuambia wazi kwa sababu hata yeye anasikia ninavyoandika, na amesema uambiwe.

Video tumemwonyesha. Noel alimshikia simu karibu na jicho la kushoto. Alitazama yote. Kisha akasema, "Nzuri. Ni kijana wangu amefanya kazi." Halafu akauliza, "Mbona haisemi?"

Tukaongeza sauti. Kulikuwa na muziki na wale wazungu wanatangaza. Akasema siyo hiyo. Noel akataka kumweleza, nikamkanyaga mguu.

Na jambo la pili, hili ni langu mimi. Stanley, umejiweka namba kumi! Umejiweka mbele kabisa, na kitambaa cha unahodha juu! Mimi nililia kwa kucheka. Mdogo wangu, wewe ulikuwa namba kumi na nne, mchezaji wa akiba. Ulinuna mwezi mzima. Na Paskali alikujibu nini? "Wewe nakuingiza dakika za mwisho, tukiwa tunafungwa." Mama amekumbuka maneno hayo hayo, nimemwuliza akiwa peke yake. Namba kumi haikuwa na mtu wetu. Alibaki mzungu wa watu, na Paskali mwenyewe hakujiweka kwenye timu, alisema mtangazaji hachezi.

Baada ya hapo mama alisema neno kwa Kinyiramba ambalo sikuandikii. Njoo ulisikie kwake.

Habari njema ni kwamba tumepata fununu ya CD. Yule mwalimu Flora ana mdogo wake Itigi, na huyo anasema kuna kinyozi Mitundu, anaitwa Leonard, ana televisheni saluni kwake na watu wakisubiri kunyolewa wanacheza timu moja ya ajabu yenye kipa anayeitwa Babu Yohana. Nimetuma salamu kwa dereva wa lori la asali. Tunangoja.

Krismasi, Stanley. Ndiyo au hapana. Swali la mama nalo bado, la jirani akiiomba.

Yunisi


Mafinga
17 Novemba 2024

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nisameheni kwa ukimya. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni, imepauka kwa kukunjwa. Mvua zimeanza huku, barabara za msituni zimekuwa tope, tunavuta magogo kwa taabu. Mimi mzima.

Nianze na swali la mama. Jibu ni hapana. Jirani akija kuiomba, siwezi kumpa. Nilijaribu, dada. Kuna kijana tunafanya naye kazi, anaitwa Selemani, aliiona timu akaipenda, akaniomba aende nayo Njombe kwa likizo yake. Nikatafuta namna. Haihami. Imefungwa kwenye jina langu na neno langu la siri, na ili aichukue lazima nimpe mashine yenyewe pamoja na kila kitu changu. Nilitaka hata niwatumie ninyi kwenye flashi, mama aione kwenye televisheni kubwa, nayo haikubali. Nimeilipia na ni yangu, lakini ni yangu kama kivuli changu kilivyo changu. Nikifa leo kama Paskali alivyokufa, hakuna kikao cha kuigawa. Bado nasema ni safi na haichubuki, hilo silifuti. Ila mama aliuliza swali ambalo mimi na usomi wangu wa mashine sikuwa nimejiuliza.

Dada, kuanzia hapa usimsomee mama.

Siji kwa sababu naogopa. Hakuna jingine. Likizo ninayo, nauli ninayo. Siku ya msiba nilivumilia kwa kuwa watu walikuwa wengi na kulikuwa na kelele za kupika. Lakini nikifikiria kuingia ile nyumba jioni, watu wamekaa, televisheni iko pale, na hakuna anayepiga kelele "Anastazia ameacha ugali," siwezi. Paskali alikuwa sauti ya nyumba yetu. Mimi tangu utoto nilikuwa wa kucheka tu pembeni. Nilijitengenezea timu huku Mafinga nikidhani ni kwa ajili ya mama, kumbe ni ili nisije. Namba kumi nilijiweka kwa sababu nilijua hakuna wa kunibishia, na aliyekuwa ananibishia hayupo.

Nimeicheza usiku mmoja nikazima sauti kama alivyokuwa anafanya. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Ndivyo ilivyo.

Stanley


Ulemo
1 Desemba 2024

Stanley,

Mvua ya kwanza imenyesha, tumepanda uwele na mtama, mama ametaka atolewe nje alowe kidogo. Tukamtoa.

Nimemsomea barua yako. Nilifika pale ulipoandika nisimsomee nikanyamaza, akanishika mkono akasema, "Soma, umeshusha pumzi." Nikasoma yote. Usinikasirikie. Hakulia. Alisema, "Basi anaogopa kimya. Mwambie hata mimi."

Leonard wa Mitundu amekuja. Amekuja mwenyewe kwa basi, akabadilisha Itigi, akabadilisha Manyoni, akabadilisha Singida, na ndoo ndogo ya asali magotini. Kijana mpole, ana kovu la mkasi kidoleni. Alimpigia mama goti, akampa mkono wa pole, ndipo akatoa mfukoni kasha la CD limefungwa kwa mpira wa manati, na memori iko pale pale ubavuni. Alisema Paskali alimwazima baada ya kumsikia akilalamika kwamba Mitundu hakuna gemu la maana. Alimwambia, "Timu isiyocheza ugenini siyo timu. Ipeleke, lakini uirudishe na habari."

CD imechubuka, sikufichi. Tukaipindua mashine kichwa chini, Leonard akaipulizia, ikakataa. Noel akaigonga ubavu, ikakataa. Mimi nikaisemesha vibaya, ikasoma.

Timu ipo, kama alivyoiacha. Ila kuna kitu kimeongezeka. Leonard alitaka kukuandikia, nimemnyang'anya kalamu. Mama anajua ni nini, na ametukataza wote kutaja. Anasema ukitaka kujua uje.

Kikao kimekubaliwa. Kimepangwa kama alivyosema baba mdogo, siku mbili baada ya Krismasi. Jogoo amezeeka, anaweza hata kukusamehe.

Yunisi


Mafinga
12 Januari 2025

Dada Yunisi, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nimefika salama. Basi lilikwama kidogo njiani, lakini nilikuwa na kuku wako wa kukaanga, kwa hiyo nilipata marafiki wengi. Asali ya Leonard nimeigawa kazini, mpaka leo naitwa Bwana Mitundu. Baridi limepungua.

Hii barua msomee mama yote, hakuna pa kuruka. Naandika kwa sababu kuna kitu hukukiona. Jioni ile ya Krismasi wewe ulikuwa jikoni unapakua pilau, na ulipoingia ulitukuta mimi na mama tumeshikana, mashine imewaka, na ukaanza kunigombeza kwamba nimemliza mama. Sikukujibu. Sasa nakujibu.

Mama aliniambia niwashe. Nikaipindua mashine, ikasoma mara ya kwanza, nadhani iliniogopa. Akasema, "Nisomee majina, mimi sioni." Nikaanza. Moja, Babu Yohana. Nne, Baba. Sita, Yunisi. Tisa, Anastazia. Kisha macho yakaangukia namba kumi, nami nikakwama.

Alikuwa Paskali.

Leonard aliniambia kwa simu kesho yake ilivyokuwa. Habari za msiba ziliwafikia Mitundu wakati wa kunyoa, saluni imejaa. Wakazima mashine ya kunyolea. Mmoja wao akasema, huyu mtu ametuletea ukoo mzima na yeye mwenyewe hayumo, atalala wapi? Wakamtoa yule mzungu, wakaandika PASKALI. Hawakuwa na picha, ni Leonard peke yake aliyemjua, na watu walikuwa wanamshauri kwa kelele, kwa hiyo wamempa upara wake vizuri kabisa, lakini wamemrefusha mno. Kaka yetu ambaye alikuwa anapanda benchi ili afikie swichi ya taa, sasa anamzidi baba kichwa kizima.

Nikamwambia mama, "Namba kumi ni Paskali. Wamemwingiza." Unajua alichosema, lakini hukusikia alivyokisema. Alicheka kwanza. Akasema, "Amerudi na ndama." Halafu akaniambia, "Sasa sema." Nikamwuliza niseme nini. "Sema mpira, Stanley. Mimi sioni. Paskali anacheza, hawezi kutangaza."

Dada, nilizima sauti ya wale wazungu. Sauti yangu ilitoka mbaya, ya kukwaruza, kama bati linaburutwa. Nikasema babu ameudaka, nikasema anampa baba, baba anampa Yunisi, Yunisi anamkanyaga mtu. Mama akasema, "Kwa nguvu, Noel yuko nje hasikii." Nikapaza. Nikasema Yunisi kwa Paskali, Paskali huyooo, mrefu kama nguzo ya umeme, anapita mmoja, anapita wawili, anampa mama yake. Na hapo nilipiga kelele ambayo naamini ilifika Misigiri, kwamba Anastazia ameacha pilau jikoni. Ndipo mama akanishika na kulia, nami nikalia, na ndipo ulipoingia na sahani.

Hatukuwa na huzuni, dada. Ndiyo maana sikujua nikujibu nini.

Kikao ulikuwepo, sihitaji kukisimulia. Baba mdogo alipouliza CD ya timu apewe nani, mimi niliinamisha kichwa kwa kuwa nilitaka kusema mimi na niliona aibu, baada ya yote niliyoandika kuhusu kuuza. Na mama alivyosema kwamba haigawiwi kwa mtu, ila Stanley ataazimwa tu, awe anairudisha nyumbani, kila mtu alicheka. Mimi sikucheka. Nilielewa. Ningepewa ingekuwa yangu, na mtu mwenye chake hulala nacho popote.

Ile mashine yangu ndogo bado ipo, na gemu la kupakua bado limo. Silidharau, Jumamosi huwa nacheza. Ila nimemtoa yule Stanley wa namba kumi, nikamrudisha kumi na nne, kwenye benchi.

Hapa mtaani nimepata mashine kuukuu kwa fundi wa redio, nayo haisomi mpaka uipindue. Selemani na wenzake hujaa chumbani, wanauliza huyu mrefu mwenye upara ni nani, nawasimulia. Leo Selemani ameniomba aende na CD yetu Njombe wiki mbili. Nimempa, na mpira wa manati nimeufunga mwenyewe. Nimemwambia arudishe na habari.

Mwambie mama ng'ombe wake amefika, hajachubuka zaidi, na sasa yuko malishoni kwa watu. Akirudi tu, Pasaka nitamleta nyumbani mwenyewe.

Mdogo wenu wa akiba,
Stanley